Misuli ya Kutafuna: Mwongozo Kamili wa Kuijua kwa Vidole Vyako na Kichwa cha Mbuzi

Huku Kusini tunatafuna kwelikweli. Korosho za kukaanga, mhogo mbichi unaong'olewa na kumenywa pale pale shambani, ming'oko ya kuchemsha, pweza wa kukausha, mahindi ya kuchoma yaliyokomaa kupita kiasi. Taya la mtu wa Mtwara au Lindi liko kazini tangu asubuhi. Lakini ukimwambia mwanafunzi wa sekondari aweke kidole juu ya msuli unaofunga taya, wengi hugusa shavu laini pembeni mwa mdomo, mahali ambapo msuli huo haupo kabisa. Majina wameyakariri, ila hawajawahi kujigusa.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na kwa walimu wenzangu wa baiolojia katika shule za kata, kwa wanaosomea uuguzi na utabibu, na kwa mzazi yeyote anayetaka kujua kwa nini taya la mwanawe limekaza. Naamini kabisa kwamba somo la misuli linafundishika vizuri shuleni kusiko na hata hadubini moja, kwa sababu vifaa vyake viko usoni mwetu na buchani.

Unachohitaji

Kioo kidogo, mikono safi, na kiganja cha korosho zilizobanguliwa na kukaangwa. Kisha buchani: kichwa cha mbuzi, moyo mzima, kipande cha nyama ya paja na kipande cha utumbo. Ongeza firigisi moja ya kuku. Kisu kikali chenye ncha, msumeno mdogo wa chuma, ubao wa kukatia, na glavu au mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi.

Kichwa kiagizwe siku moja kabla. Vichwa vingi hubabuliwa motoni ili kuondoa manyoya, na moto ule unaivisha ngozi na misuli ya juu ukaharibu somo. Mwambie muuza nyama mapema: "Kaka, kesho naomba kichwa kimoja, usikibabue. Kichune tu, uniachie kizima." Ataelewa. Moyo na utumbo atakupa siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbele, hasa msimu wa korosho kuanzia Oktoba. Usithubutu kupasua korosho yenye ganda kwa meno, na usiruhusu watoto wajaribu. Ganda lile lina mafuta makali yanayounguza midomo, fizi na ulimi hadi ngozi kutoka malengelenge. Katika mwongozo huu, kila ninaposema korosho, ni ile nyeupe iliyokwisha kubanguliwa na kukaangwa.

Hatua ya 1: Zitambue aina tatu za misuli mezani

Panga vipande vyako ubaoni: nyama ya paja, moyo, kisha utumbo na firigisi pamoja. Mwili wa binadamu una aina hizi hizi tatu, na hakuna ya nne.

Anza na paja, kwa kulichemsha. Likishapoa, lichambue kwa kucha. Linaachana katika nyuzi ndefu, na kila uzi unaoushika unagawanyika tena katika nyuzi nyembamba zaidi. Ule mwembamba kabisa unaoweza kuushika kwa kucha bado ni fungu la seli nyingi. Seli moja ya msuli wa aina hii ina unene wa sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, lakini inaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa, na ndani yake mna viini vingi badala ya kimoja. Hii ni misuli ya mifupa. Imeshikizwa kwenye mifupa kwa kano, zile nyuzi nyeupe ngumu ambazo mpishi huzikata na kuzitupa. Tunaiendesha kwa hiari yetu. Mwili una zaidi ya misuli 600 ya namna hii, na kwa mtu mzima hufika karibu asilimia 40 ya uzito wake. Misuli yote ya kutafuna imo katika kundi hili.

Moyo ukate vipande viwili kwa urefu. Utaona ukuta wa upande mmoja ni mnene zaidi: ni upande wa kushoto, unaosukuma damu mwili mzima. Nyama yake haichambuki kama ya paja. Inashikana, kwa sababu seli za moyo ni fupi, zina matawi, na zimeunganishwa ncha kwa ncha na visahani vinavyopitisha umeme kutoka seli hadi seli. Kwa hiyo ukuta mzima unakaza kwa pamoja. Tena moyo hausubiri amri ya ubongo ili uanze kupiga, kwani una seli zake zinazoanzisha mapigo. Neva kazi yake ni kuongeza au kupunguza kasi. Kwa mapigo 70 kwa dakika, moyo wako utapiga mara 100,800 kutoka asubuhi hii hadi kesho saa kama hii.

Utumbo na firigisi ni misuli laini. Seli zake ni ndogo, zimechongoka huku na huku, zina kiini kimoja kila moja, na hazina ile mistari ya kukingama inayoonekana kwa hadubini katika misuli ya mifupa na ya moyo. Hufanya kazi bila hiari yetu: kwenye kuta za utumbo, kibofu, mfuko wa uzazi na mishipa ya damu. Mwanafunzi akisikia neno laini hudhani ni misuli dhaifu, na hapo ndipo firigisi inapomaliza ubishi. Ipasue uone unene wa nyama yake, kisha kumbuka kwamba kuku hana hata jino moja. Punje za mahindi anazomeza zinasagwa humo, na msuli laini pamoja na vijiwe alivyovidonoa. Kuku anatafunia tumboni, na anatumia aina ya msuli ambayo sisi hatuitumii kutafuna.

Hatua ya 2: Fahamu msuli unavyokaza

Hapa ndipo wengi wanapopotea, basi twende taratibu. Weka kiganja kwenye shavu, uma meno, legeza, uma tena. Mambo yafuatayo yanatokea chini ya kiganja chako, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Ubongo unatuma ishara ya umeme kupitia neva. Ishara ikifika mwisho wa neva, inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye mwanya mwembamba uliopo kati ya neva na seli ya msuli. Kemikali hiyo inawasha umeme mpya juu ya seli ya msuli, na umeme huo unapenya hadi ndani. Ndani kuna vifuko vilivyohifadhi kalsiamu. Vinafunguka, kalsiamu inamwagika.

Sasa ingia ndani zaidi. Seli ya msuli imejaa vipande vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kinaitwa sarkomia. Sarkomia iliyotulia ina urefu wa maikromita 2 hadi 2.5, na maikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Ndani ya kila sarkomia kuna nyuzi za protini za aina mbili: nene za miosini katikati, na nyembamba za aktini zinazotoka pande zote mbili na kupishana nazo. Nyuzi za miosini zina vichwa vinavyotaka kushika aktini. Msuli unapokuwa umetulia haviwezi, kwa sababu protini nyingine, tropomiosini, imelala juu ya mahali pa kushikia. Kalsiamu ikimwagika inashikana na protini ya tatu, troponini, na troponini inaisogeza tropomiosini pembeni, na vichwa vinashika.

Wafikirie wavuvi wanaovuta juya ufukweni. Kila mmoja anashika kamba, anavuta, anaachia, anashika tena mbele kidogo. Hawaachii wote kwa mara moja, la sivyo wavu utarudi majini. Kamba haifupiki hata kidogo, inasogea tu. Ndivyo vichwa vya miosini vinavyoivuta aktini: kushika, kuinama, kuachia, kushika tena. Nyuzi za aktini za kulia na kushoto zinasogezwa kuelekea katikati, sarkomia inakuwa fupi, na kwa kuwa sarkomia maelfu kwa maelfu zimeungana mstari mmoja, msuli mzima unafupika. Maelezo haya yalichapishwa mwaka 1954 katika toleo moja la jarida la Nature na makundi mawili tofauti: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine. Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu.

Jambo la kushika kwa nguvu zote ni kazi ya ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya seli. Wanafunzi huandika kwenye mtihani kwamba ATP inatumika kukaza msuli, wakaishia hapo. Inatumika pia kuachia. Kichwa cha miosini hakiwezi kubanduka kwenye aktini mpaka ATP mpya ikifike. ATP ikiisha kabisa, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania. Mbuzi aliyechinjwa alfajiri, ukikichukua kichwa chake saa nne asubuhi, mara nyingi taya halifunguki hata ulivute kwa mikono miwili. Nyama iliyotoka kuchinjwa sasa hivi bado huchezacheza ubaoni kwa sababu ATP kidogo imebaki. Baada ya saa chache imeisha, na misuli inakakamaa. Hulegea tena baadaye, protini zake zinapoanza kuvunjika. Kwenye joto letu la pwani mambo haya huenda haraka kuliko kwenye jokofu.

Msuli wa moyo unafuata utaratibu huo huo, ila sehemu ya kalsiamu yake huingia kutoka nje ya seli kila pigo. Msuli laini una njia nyingine: kalsiamu yake hushikana na protini iitwayo kalmodulini badala ya troponini, unakaza polepole, na unaweza kubaki umekaza muda mrefu kwa nishati kidogo.

Kuna namna tatu za kukaza, na zote utazisikia usoni mwako sasa hivi. Uma meno kwa nguvu: msuli unakaza lakini taya haliendi popote, urefu haubadiliki. Tafuna korosho: msuli unakaza na kufupika. Sasa funga mdomo, weka vidole viwili kwenye kidevu na uvute taya chini huku ukilizuia, ukiliruhusu lishuke kidogo kidogo: msuli umekaza na wakati huo huo unarefuka. Hii ya tatu ndiyo inayoumiza misuli kuliko zote, na ndiyo sababu kuteremka mlima wa Makonde kutoka Newala kwa miguu kunaacha mapaja yanauma kesho yake kuliko kuupanda.

Hatua ya 3: Itafute misuli minne usoni mwako

Misuli ya kutafuna ni minne kila upande, jumla minane. Yote inapokea amri kutoka tawi la chini la neva ya tano ya kichwa, iitwayo trigemino. Kaa mbele ya kioo.

*Maseta.* Weka vidole vitatu kwenye kona ya taya, chini ya sikio na mbele yake kidogo. Uma meno. Donge gumu linaloinuka chini ya vidole ndiyo maseta. Sasa fuata ukingo wake wa mbele: ukiwa umeuma meno utausikia kama mstari ulionyooka, na mbele yake shavu ni laini tupu. Umeanzia kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi pembe ya taya la chini. Kazi yake ni kuinua taya, yaani kufunga mdomo kwa nguvu.

*Temporalisi.* Peleka vidole panjani. Uma na ulegeze, uma na ulegeze. Utasikia panja zima likicheza, hata juu ya sikio. Msuli huu umetandazwa ubavuni mwa fuvu, halafu nyuzi zake zote zinakusanyika, zinapita chini ya upinde wa mfupa wa shavu na kushika ncha ya taya la chini iliyojificha humo. Nyuzi zake za mbele zinakwenda wima, kwa hiyo zinainua taya. Za nyuma zimelala, kwa hiyo zinalirudisha nyuma. Jaribu: toa taya mbele, kisha lirudishe kwa nguvu huku vidole vikiwa juu ya sikio. Hapo ndipo zinapofanya kazi. Watu wengi wanaolalamika kuumwa kichwa pande mbili za panja baada ya usiku wa kusaga meno wanaumwa msuli huu.

*Terigoidi ya ndani.* Imekaa upande wa ndani wa taya, mkabala na maseta. Maseta kwa nje na terigoidi hii kwa ndani zinalibeba pembe ya taya katikati yao na kuliinua pamoja. Kuigusa ni shida. Ingiza ncha ya kidole chini ya pembe ya taya, ukielekeza juu na ndani, taratibu, kisha uma meno. Utasikia mkazo kidogo. Usibonyeze kwa nguvu, hapo pana tezi na mishipa.

*Terigoidi ya nje.* Ni fupi na imejificha, inatoka chini ya fuvu na kwenda karibu mlalo hadi shingo ya kichwa cha taya, pale kwenye kiungo. Kati ya misuli minne, hii pekee ndiyo inayosaidia kufungua mdomo. Kidole hakiifikii vizuri, basi ipime kwa kazi yake. Weka kiganja upande wa kulia wa kidevu, sukuma taya lako kulia dhidi ya kiganja. Umetumia terigoidi ya nje ya kushoto. Ya kushoto hupeleka taya kulia, ya kulia hupeleka kushoto, na zikikaza zote mbili taya linakuja mbele. Bila msuli huu tungeweza kukata chakula, lakini tusiweze kukisaga vizuri.

Sasa kiungo chenyewe. Weka vidole mbele tu ya tundu la sikio na ufungue mdomo polepole. Mwanzoni kichwa cha taya kinazunguka mahali pake. Ukiendelea kufungua, utakisikia kikiteleza mbele na kuacha kishimo chini ya kidole. Kiungo hiki kinazunguka na pia kinateleza, na katikati yake kuna kisahani kigumu kinachotembea nacho. Mdomo wa mtu mzima mwenye afya hufunguka milimita 40 hadi 50, ambayo ni kama vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Jipime leo ukiwa mzima, ujue kipimo chako.

Msuli unavuta tu, hausukumi. Kwa hiyo misuli inayofunga taya haiwezi kulifungua. Kazi hiyo inafanywa na terigoidi ya nje, misuli midogo iliyo chini ya kidevu, na uzito wa taya lenyewe. Weka kidole chini ya kidevu, fungua mdomo huku mkono mwingine ukizuia, utaisikia ikikaza. Linganisha na maseta, uone tofauti ya nguvu. Kufunga kunahitaji kuvunja chakula, kufungua hakuhitaji kuvunja kitu.

Jaribio la mwisho kabla ya kichwa cha mbuzi. Vunja korosho moja kwa meno ya mbele, nyingine kwa magego. Magego yanavunja kwa urahisi zaidi ingawa misuli ni ile ile. Taya ni wenzo, egemeo lake ni kiungo kilicho mbele ya sikio, na magego yapo karibu na egemeo na karibu na misuli. Kadiri unavyosogea mbele, nguvu inapungua.

Hatua ya 4: Fungua kichwa cha mbuzi

Vaa glavu. Laza kichwa ubavu. Ikiwa taya limekakamaa, usilivunje. Mweleze mwanafunzi sababu ya ATP, kisha endelea, kwani maseta inaonekana vizuri hata mdomo ukiwa umefungwa.

Ondoa mafuta na utando mwembamba uliobaki shavuni. Chini ya sikio utaona nyama ya rangi ya kahawia iliyopauka, yenye punjepunje. Ile ni tezi ya mate, si msuli, na kila darasa lazima atokee mtu wa kuikata akidhani ameipata maseta. Mbele yake kuna nyuzi nyeupe zinazotambaa juu ya shavu kuelekea mdomoni. Ni matawi ya neva ya saba, inayoendesha misuli ya sura. Ziangalie vizuri kabla ya kuzikata: zimepita juu ya maseta, lakini haziiendeshi. Kazi ya kutafuna ni ya neva ya tano, ambayo imejificha ndani.

Maseta ya mbuzi ni kubwa na nzuri kutazama. Juu yake imefunikwa na utando mweupe unaong'aa, wenye nguvu za kano. Pitisha kisu kwenye ukingo wa mfupa wa shavu, mahali inapoanzia, na ibandue polepole kuelekea chini. Ni muhimu ubandue, usichonge vipande. Utaona tabaka: nyuzi za juu zimeinama kuelekea nyuma, za chini yake zimesimama wima. Ndiyo maana msuli mmoja unaweza kuinua taya na pia kulivuta mbele kidogo.

Taya likiwa limelegea, shika maseta iliyobanduliwa juu na uivute kuelekea mahali ilipotoka. Mdomo wa mbuzi utafunga. Fanya hivyo mbele ya darasa, kisha mwachie kila mwanafunzi avute mwenyewe. Hakuna mchoro unaoweza kufundisha hivyo.

Kwa temporalisi, kata upinde wa mfupa wa shavu kwa msumeno, mbele na nyuma, ukiondoe kipande cha kati. Sasa unaona nyuzi zikishuka na kushika ncha ndefu ya taya. Kwa mbuzi msuli huu ni mdogo ukilinganisha na maseta. Kwa mnyama anayekula nyama ni kinyume: paka na mbwa wana temporalisi kubwa mno, kwa ajili ya kung'ata na kushikilia. Anayesaga majani anahitaji zaidi maseta na terigoidi. Sisi tuko katikati, tunakula vyote.

Kwa terigoidi ya ndani, geuza kichwa. Mbele, kwenye kidevu, mataya mawili ya chini ya mbuzi yameshikana kwa tishu ngumu, hayajawa mfupa mmoja kama ya binadamu. Ingiza kisu hapo, yatenganishe, kisha kata nyama laini ya ndani ukifuata mfupa na ufungue taya la upande mmoja kuelekea nje. Msuli mnene ulioshika upande wa ndani wa pembe ya taya ndio wenyewe. Weka kidole kimoja juu yake na kingine mahali ilipokuwa maseta: mfupa uko katikati.

Terigoidi ya nje fuata nyuma na juu zaidi, karibu na kiungo. Ukiikosa, si neno. Fungua kiungo uone kile kisahani, na uguse gegedu laini iliyokifunika kichwa cha taya.

Ukimaliza, kichwa kilichoshikwa na darasa zima juani kisiingie jikoni. Kifukie, osha ubao na visu kwa sabuni. Kama ulifanya peke yako, mapema na kwa usafi, supu yake ni halali yako.

Hatua ya 5: Fuata punje moja ya korosho hadi tumboni

Weka korosho mdomoni ukiwa makini. Meno ya mbele yanaipasua, ulimi unaisukuma kwenye magego. Upande mmoja wa taya unashuka, unakwenda nje kidogo, unapanda na kusaga kuelekea ndani. Msuli wa shavu, buksineta, unairudisha punje kati ya meno kila inapotoka. Buksineta si msuli wa kutafuna na unaendeshwa na neva ya saba. Mtu aliyepooza upande mmoja wa uso kwa sababu ya neva hiyo bado ana nguvu ya kuuma, lakini chakula kinakusanyika shavuni na inambidi akitoe kwa kidole.

Hukufikiria kila mwendo. Ulianza kwa hiari, kisha shina la ubongo likachukua usukani na kuendesha mapigo ya kutafuna lenyewe. Na ukikutana na jiwe kwenye wali, taya linafunguka kabla hujajua umeuma nini: ishara kutoka kwenye jino inazima misuli ya kufunga papo hapo, haisubiri uamuzi wako.

Kisha unameza. Sehemu ya juu ya umio ina misuli ya mifupa, ya chini ina misuli laini, na katikati zimechanganyika. Ndani ya sentimita kama 25 hivi, korosho yako imetoka kwenye aina moja ya msuli na kukabidhiwa nyingine, na tangu hapo huna tena uwezo wa kuirudisha kwa kutaka.

Hatua ya 6: Jua la kufanya taya likiuma au likikaza

Maumivu ya kawaida ya misuli huja baada ya kutafuna sana au kwa kuuma meno usiku. Pumzisha taya kwa chakula laini siku chache, kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na jizoeze mkao wa kupumzika: midomo imefungwa, meno hayagusani. Wengi hawajui kwamba meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana nje ya kutafuna na kumeza. Mtoto anayesaga meno usingizini watu husema ana minyoo. Kusaga meno peke yake si kipimo cha minyoo. Ukiwa na shaka, peleka choo chake kikapimwe.

Mdomo usiofunguka vidole vitatu, pamoja na maumivu na uvimbe nyuma kabisa ya magego, mara nyingi ni gego la mwisho lililoota vibaya na kuambukizwa. Nenda kwa daktari wa meno mapema, kwani uvimbe ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa.

Mdomo uliofunguka ukagoma kufunga, labda baada ya mwayo mkubwa, ni taya lililoteguka: kichwa cha taya kimeteleza mbele kikapita mahali pake. Misuli ya kufunga inakaza kwa maumivu na kulishikilia huko huko. Usikubali lisukumwe na jirani. Daktari hulirudisha kwa utaratibu, mara nyingine baada ya dawa ya kulegeza misuli.

Na sasa hatari kuliko zote. Mkulima amechomwa na mwiba shambani au amekanyaga msumari, kidonda kimepona au karibu kupona, halafu anaamka na taya lililokaza, hawezi kufungua mdomo vizuri, shingo nayo ngumu. Hapo usisubiri hadi kesho, usianze na dawa ya kusukutua. Inaweza kuwa pepopunda. Bakteria wake, Clostridium tetani, wamo udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama. Sumu yao inapanda kupitia neva na kuzuia zile ishara zinazoiambia misuli ilegee. Amri ya kukaza inabaki, ya kuachia imenyamazishwa. Maseta huwa miongoni mwa misuli ya kwanza kukamatwa, kisha uso unakunjwa kana kwamba mtu anacheka, halafu mgongo na mwili mzima. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21 tangu jeraha. Kwa mtoto mchanga dalili ni kwamba alikuwa ananyonya vizuri, ghafla hawezi tena, taya limekaza. Kitovu kilichopakwa udongo, jivu au kinyesi ndicho mlango wake.

Mpeleke hospitali moja kwa moja: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Ndanda au Mkomaindo kwa watu wa Masasi, Nyangao au Sokoine kwa Lindi, au iliyo karibu yenye vitanda vya kulaza. Mpeleke bila kelele wala mwanga mkali, kwa kuwa hata mshtuko mdogo huamsha mikazo mipya. Usimlazimishe kunywa wala kula njiani.

Kinga yake ni chanjo. Watoto huipata ndani ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mama mjamzito huipata kliniki ili kumlinda yeye na mtoto. Kila jeraha lenye udongo lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya uulize kama unastahili kurudiwa chanjo, hata kama zimepita siku mbili au tatu. Na aliyewahi kuugua pepopunda akapona hajapata kinga yoyote kwa ugonjwa ule: naye lazima achanjwe.